Vipande Vinne vya Plâtre

Syauswa mwenyewe hakatai: siku ile mpumbavu alikuwa yeye. Ukimuuliza leo atakujibu kabla hujafika mwisho wa swali, na atakuongezea hata yale ambayo hukuyasikia. Ametumia maisha yake kuwacheka wengine, na anajua kuwa kicheko kikigeuka kikaja upande wako, afadhali ukifungulie mlango wewe mwenyewe.

Na wengine alikuwa amewacheka kweli. Miaka thelathini ya uashi mjini Butembo, hakuna ukuta aliopita karibu nao akanyamaza. Jumba moja la tajiri karibu na Rughenda alilipa jina la Mulevi, kwa kuwa liliegemea upande kama mtu anayetafuta mlango wa kwake. Ukuta wa shemeji yake kule Musienene aliuita Mama Mjamzito, kwa jinsi ulivyotuna katikati, na shemeji akakaa miezi sita bila kumsalimu. Mkewe, Kanyere, alikuwa akimwambia, "Endelea tu. Siku moja ukuta mumoja utakujibu."

Ukuta uliomjibu ulikuwa wa hospitali.

Hospitali ya serikali ambako Syauswa alikuwa fundi wa matengenezo imekaa kwenye mteremko, na chini ya mteremko kuna korongo ambalo kila msimu wa mvua linakula udongo kidogo na kupanda juu kidogo. Jengo lililo karibu zaidi na korongo ni la wazazi, wenyewe wanaliita maternité. Mwaka juzi ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama unywele. Mwaka jana ukaingiza kucha. Mwaka huu uliingiza kifuniko cha kalamu, ukapanda mpaka kwenye boriti inayobeba paa, na chini yake vilikuwa vitanda. Vitanda kumi na sita, wazazi thelathini, maana vita vilikuwa vimesukuma watu kutoka Alimbongo na vijiji vya kusini, na mtoto hangojei wakubwa wapatane ndipo azaliwe.

Serikali ya jimbo, tangu ofisi zake zihamie Beni, ilikuwa imetangaza mfuko wa dharura kwa majengo ya hospitali yaliyo hatarini. Si kila jengo. Lile tu ambalo mtaalamu ataandika kwamba linasogea. Akiandika hivyo, siku hiyo hiyo jengo linafungwa, wagonjwa wanapewa mahema, na kazi inaanza. Akiandika kwamba limetulia, basi lisubiri zamu nyingine, na zamu nyingine hakuna aliyejua ni lini.

Mtaalamu aliyetumwa aliitwa ingénieur Aristote, kijana wa Kikwit, viatu vyake vimechongoka mbele, Kiswahili chake amekiokota kwa askari. Alikaa mbele ya ufa nusu saa. Kisha akakoroga plâtre, ule unga mweupe unaogeuka jiwe, akabandika vipande vinne vyembamba kama vidole, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikivuka ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ya kila kipande akaandika tarehe kwa kalamu ya bic ya bluu, na chini yake akatia sahihi yake, duara mbili na mkia.

"Vieux, ni wewe maçon wa hapa?"

"Ni mimi, ingénieur. Lakini hii ukuta hapana mimi niliijenga. Mi naogopaka hata kuisalimia."

Aristote hakucheka. "Hizi vipande ine, unachunga. Mutu asiguse, hata na ufagio. Nitarudia kisha wiki mbili."

Mengine alimweleza daktari mkuu kwa Kifaransa cha haraka, huku wakitembea kuelekea kwenye gari. Syauswa alibaki na ukuta.

Alivichunga kweli. Alifukuza wafagiaji, akafukuza bibi mmoja aliyetaka kuanika nguo za mtoto kwenye dirisha, akasogeza benchi. Wiki ikapita. Ya pili, siku moja kabla ya ugeni, ikatangazwa salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi: manesi na ufagio, walinzi na majembe, na Syauswa na ndoo ya chokaa. Alipofika mbele ya ufa, akaitua ndoo chini.

Vipande vyote vinne vilikuwa vimekatika katikati. Vimekatika safi, kama biskuti.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kucheka. Hawa watu wa ofisi, alijisemea, wanasoma miaka mitano na hawajui maji kiasi gani yanaingia kwenye unga. La pili halikuwa la kucheka. Mtu amekuachia kitu chake, kesho anarudi kukiangalia, na kitu kimevunjika mikononi mwako. Kwao, ukiazima jembe la jirani ukavunja mpini, humrudishii jirani jembe na maelezo. Unamrudishia jembe lenye mpini mpya, tena mzuri kuliko ule wa kwanza, na hata hamzungumzi. Ndivyo mama yake alivyomlea, na ndivyo alivyowalea wanawe.

Akaenda chumba cha waliovunjika mifupa akaomba kopo la plâtre, ile yenyewe inayofungia miguu ya watu, ngumu kama nia ya Mkristo wakati wa Kwaresima. Akang'oa vile vya zamani taratibu, akabandika vipya, vimenyooka, vinang'aa. Akachukua bic ya bluu, akanakili tarehe ile ile ya wiki mbili nyuma, akanakili duara mbili na mkia, ulimi ukiwa nje kwenye pembe ya mdomo kama mwanafunzi mbele ya ubao. Mara nne. Vile vilivyovunjika akavifunga ndani ya kitambaa, akavitia kwenye mfuko wa vifaa. Jioni, kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, angewaonyesha wenzake jinsi ingénieur anavyokoroga.

Kesho yake Aristote alikuja, akainama, akapitisha kidole juu ya kila kipande. Alirudia mara mbili.  

"Mutu hakugusa?"

Daktari mkuu alimwangalia Syauswa. Mama Séphora, mkuu wa wakunga, alimwangalia Syauswa.

"Hapana, ingénieur. Ni vile vile uliacha."

"Bon. Stable," alisema Aristote, akaandika, akafunga daftari. "Mungu anawapenda. Mwenye kutulia atangoja kidogo."

Gari likaondoka. Daktari mkuu akaingia ofisini kwake bila kumuaga mtu. Mama Séphora alibaki amesimama kwenye baraza, mikono imekufa ubavuni, na Syauswa, akiwa na furaha ya mtu aliyerudisha jembe zima, akamwendea.

"Mama Séphora, mbona unakuwa kama mutu wa kilio? Ukuta imepona."

"Imepona."

"Njo vile ingénieur amesema."

"Tata Syauswa, unajua ju ya nini banabandikaka ile plâtre?"

"Ju ya kushika ufa."

"Kidole ine ya plâtre njo ishike nyumba?" Alisema bila kumgeukia. "Wewe maçon. Banaikoroga zaifu makusudi. Nyumba ikisogea hata kidogo, inapasuka, na mutu anajua. Ikibakia muzima, maana nyumba imelala. Siku zote hizi tulikuwa tunaomba ipasuke. Docteur alisomesha hata misa."

 Mkono wa Syauswa ulikuwa umeingia wenyewe kwenye mfuko wa vifaa, ukashika kitambaa, na kupitia kitambaa ukahesabu vipande: viwili, vinne, sita, vinane.

Jioni hakwenda kwenye kasiksi. Nyumbani Kanyere alimpakulia sombe ya majani ya muhogo iliyozidi chumvi, makusudi, kumchokoza. Alikula yote. Kanyere akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Uko na malaria?"

"Hapana."

"Basi uko na dhambi."

Siku mbili zilizofuata mvua ilinyesha kila alasiri, na kila asubuhi Syauswa alikuwa wa kwanza mbele ya ukuta. Alitaka plâtre yake ipasuke. Aliitazama kama mtu anavyotazama simu isiyolia. Haikupasuka. Ilikuwa plâtre ya mifupa, imekorogwa na fundi. Ukuta ndio uliopasuka. Asubuhi ya pili alikuta ufa mpya umeondoka kwenye ule wa zamani, umezunguka vipande vyake vinne kwa pembeni, kama maji yanavyozunguka jiwe, kisha umerudi njia yake na kuendelea juu. Vipande vilibaki vizima, vinang'aa, na tarehe yake na sahihi yake.

Alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulijibu kama mtungi mtupu. Akaning'iniza timazi kutoka kwenye boriti: uzi ulisimama mbali na ukuta kwa upana wa dole gumba, pale ambapo mwezi uliopita uligusa. Mlango wa chuma wa chumba ulikuwa umeanza kukwaruza sakafu, ukichora nusu duara nyeupe. Na juu ya shuka la mwanamke mmoja wa Alimbongo, aliyepasuliwa jana yake, kulikuwa na mchanga kidogo, mweupe, laini. Mwanamke aliupangusa kwa mkono, akautazama mkono, akampangusa na mtoto.

"Papa," alimwuliza Syauswa, "hapa kuko panya?"

"Njo vile, mama. Panya."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili, na aliuona mzito kuliko wa kwanza. Akatoka pale akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari mkuu, Mama Séphora akiwemo, akafungua kitambaa juu ya meza.

Hakuna aliyempigia kelele. Angependa wampigie. Daktari mkuu aliviunganisha vipande viwili viwili, tarehe ikakutana na tarehe, kisha akavifunika tena.

"Ficha hii," alisema.

"Docteur?"

"Ulibadilisha na mukono yako, ulidanganya mbele yangu. Tukisema, ni faux, uongo ya sahihi. Banatukamata siye wote, na hospitali haitaona tena hata msumari. Tungoje zamu ya pili. Rapport inatoka ku ofisi ya ingénieur kule Beni kesho. Ikisha toka, tutaandika barua ingine, polepole."

"Na bamama?" aliuliza Séphora.

"Nitabaweka wapi? Bila karatasi ya danger hapana hema. Karatasi inasema stable."

Séphora akasimama, akatoka, na kupitia dirisha walimsikia akiwaita manesi. Kisha wakasikia vitanda vikiburutwa. Alikuwa anavivuta vyote katikati ya chumba, mbali na ukuta, kimoja baada ya kingine, mpaka vikagusana kama mbuzi wakati wa baridi.

Asubuhi ya kesho yake, baada ya kumuaga Mama Séphora peke yake, Syauswa alipanda pikipiki ya Éliakim, motard wa mtaani kwao, kuelekea Beni kwa ingénieur, kabla rapport haijatoka. Kanyere alimfunga koti mpaka shingoni na hakumuuliza kitu. Alikuwa ameshaambiwa, na alikuwa ameshasema la kusema. Barabara ile kila mtu wa kule anaijua na hakuna anayeisimulia. Vizuizi vya askari, mashamba ambayo hayakupaliliwa, nyumba zilizofungwa kwa ubao, lori lililoungua ambalo majani yameanza kulipanda. Éliakim, ambaye kwa kawaida huimba njia nzima, alizima wimbo walipoacha mji na hakuurudisha. Nyuma yao, upande wa Butembo, mawingu yalikuwa yamekaa chini mno, meusi, kama kitu kilichowekwa pale na mtu.

"Tata Syauswa," alisema Éliakim kwenye kizuizi cha tatu, "leo hata hujatukana nyumba moja."

"Endesha."

Ofisi ya Aristote ilikuwa nyumba ya kupanga yenye bendera. Kwenye meza yake kulikuwa na bahasha kubwa ya rapport, imeshafungwa. Syauswa hakuketi. Alifungua kitambaa juu ya bahasha hiyo, akapanga vipande vinane, nusu na nusu yake.

Aristote aliinua nusu moja, akaisogeza karibu na macho. Mtu huijua sahihi yake.

"Hii ni ya kwangu."

"Ni ya kwako. Ile uliona kwa ukuta ni ya mimi. Nilikuta zimepasuka, nikasema umekoroga mubaya. Nilikutengenezea."

"Ulinitengenezea."

"Sikujua kazi yake. Kosa ni yangu, na kudanganya ni kwangu. Lakini nyumba inasogea, ingénieur. Ufa umepita pembeni ya plâtre yangu. Timazi imetoka dole gumba nzima. Andika ingine."

Aristote aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini na yenye adabu, na hilo ndilo lililomtisha Syauswa.

"Vieux, unajua nikiita polisi, leo unalala wapi?"

"Najua. Éliakim eko inje, atapeleka habari nyumbani. Andika kwanza, kisha uite."

"Orodha ilisha pandishwa. Kuko hospitali ingine ilisha ambiwa ni yenyewe itapata feza. Nitasema nini? Nilipitisha kidole mara mbili, nikaandika stable, na ni mukono ya maçon nilikuwa nagusa?"

"Sema vile. Njo kweli."

"Kwako ni kweli. Kwangu ni mwisho wa kazi."

Simu ya Syauswa ililia ndani ya koti. Aliitoa, akaiweka sikioni. Alikuwa Mama Séphora, na mvua nyuma yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi apaze sauti, na ofisi nzima ikamsikia.

"Tata, mulango umekatala. Tangu saa ine. Banaume bane bamesukuma, umeshikwa juu na chini. Bamama tumebatosha ku dirisha, na ule wa Alimbongo, na kidonda yake. Tuko ku baraza, mvua inatufikia. Docteur anasema saa kumi na moja bang'oe mulango, barudi ndani. Anasema rapport ni stable, hana haki ya kubaweka inje. Uko na karatasi?"

"Bado."

"Saa kumi na moja, tata." Simu ikakatika.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo. Aristote alikuwa ameangalia pembeni.

"Mulango ukinyeshewa unavimba," alisema. "Baite fundi wa mbao."

"Ni mulango ya chuma."

"Na ufa, crépi ya zamani, plasta ya ukuta, inapasukaka kila siku."

"Njo vile. Lakini crépi haishikake mulango ya chuma."

"Mi nitakuja Jumatatu na commission. Kwa utaratibu. Siwezi kufungua bahasha ju ya maçon moja na simu moja." Alivikusanya vipande kwenye kitambaa, akavisukuma upande wa Syauswa, kama mtu anayemrudishia mgeni chenji yake. "Elewa, vieux. Sina hata miaka mbili hapa, sina ndugu, sina mukubwa. Niko na jina tu. Nikiandika leo kinyume ya ile ya juzi, jina yangu itafanya nini?"

Syauswa alikuwa hajasema neno la mzaha tangu siku ile ya baraza. Alidhani limekufa ndani yake. Alichukua nusu moja ya kipande, ile yenye duara mbili na mkia, akairudisha juu ya bahasha.

"Jina yako iko tayari kwa ile ukuta, ingénieur. Niliiandika mi mwenyewe, mara ine, na bic ya bleu. Nyumba ikianguka, njo kitu ya kwanza batasoma, mbele hata ya kuhesabu bamama."

Aristote aliisoma sahihi yake juu ya kile kipande, akaitazama saa ya ukutani, kisha akaivuta bahasha na kuichana.